Bromelia inakuwa kahawia? Angalia imeanzia wapi

Mkuu usiitupe kwanza. Umesema lile ua jekundu linageuka kahawia, majani yamekauka ncha, na aliyekuuzia anasema ongeza maji. Huo ushauri ndo uliniulia ya kwanza.

Mi niko Dar, yangu nilinunua barabarani, guzmania hizihizi, ni aina ya bromelia ya kupamba ndani. Cha kujua ni kwamba hii kitu ni ukoo mmoja na nanasi, na kama umewahi kutembelea mashamba ya nanasi kule Kiwangwa nusu ya jibu unalo, mche ukishazaa hauzai tena, unatoa machipukizi pembeni halafu wenyewe unachoka taratibu. Hata hilo jekundu siyo ua, ni majani yaliyobadili rangi, maua yenyewe ni yale madogo yanayochungulia katikati siku chache tu. Jekundu linadumu miezi 3 mpaka 6 hivi, likianza kahawia ndo uzee huo, siyo ugonjwa. Kata bua lake chini kwa kisu kisafi, majani uyaache maana ndo yanalea watoto, yaani yale machipukizi.

Ncha kavu ni kesi nyingine. Kwangu ilikuwa maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu. Nilivyohamia maji ya mvua majani mapya yakaja safi kabisa, ila yaliyokauka hayarudi kijani hata ufanyeje, we punguza ncha kwa mkasi yaishe.

Sasa ya kuogopa ni kahawia inayoanzia chini kwenye shina. Shika jani la katikati vuta kidogo, likichomoka na linanuka, imeoza. Yangu niliipanda kwenye udongo mzito wa bustani na samadi juu, nikamwagilia kila siku kama mchicha, wiki kadhaa ikalala chali. Mizizi yake kazi kubwa ni kushikilia tu, maji inakunywa kwenye kile kikombe cha majani katikati. Siku hizi naweka makumbi ya nazi na chenga za mkaa, chini nalowesha kidogo tu pakikauka.

Na yale maji ya kikombe mwaga kila wiki uweke mengine. Mama watoto aliwahi kukuta viluwiluwi vya mbu humo, na kwa dengue tuliyoiona Dar 2019 nusura mimi na ua langu tulale nje.

Kama ni mabaka makavu upande wa dirishani tu, hilo jua la mchana, isogeze. Na usije ukapuliza dawa ya ukungu yenye kopa (shaba), kwa bromelia ni sumu.

Watoto wakifika kama nusu ya mama ndo uwatenganishe, ukiwahi sana wanakufa, nimeua wawili kwa kiherehere.

Hebu vuta hilo jani la katikati utuambie, linachomoka au limeng'ang'ania?