Fundi Anajibu: "Kwani wewe huna watoto?"

SWALI: Fundi, salamu. Juzi nimeshika simu ya binti yangu wa miaka 13, nikakuta picha ambazo hata kuzitaja naona haya. Alitumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Serikali ilipofunga X (zamani Twitter) mwaka 2025, waziri alisema ni kwa sababu ya picha za ngono, na mimi nilishangilia. Halafu toleo lililopita nikasoma kwamba wewe hutaki serikali ichuje mtandao. Kwani wewe huna watoto?
Mama Yusra, Tanga

JIBU: Ninao wanne, Mama Yusra, na wa tatu ndiye mtundu. Pole kwa ulichokiona.

Niseme kwanza kwamba waziri hakutunga. X wenyewe walitangaza mwaka 2024 kuwa picha za ngono za watu wazima zinaruhusiwa kwao. Ila picha zilikuwepo karibu mwaka mzima na mtandao ukifunguka kama kawaida. Kufuli lilishuka Mei 20, 2025, siku ambayo akaunti ya polisi kwenye X ilidukuliwa ikaanza kutoa habari za uongo. Twitter hiyohiyo ilikuwa imefungwa pia Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi, na picha chafu hakuna aliyezitaja.

Sasa nikueleze mtambo wa kuchuja unavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Karibu kila unachotuma au kupokea mtandaoni leo kinasafiri ndani ya bahasha iliyogundishwa. Kichujio kinakaa kwa mtoa huduma wa laini yako, kinasoma jina la nyumba, yaani tovuti au programu, bahasha inakokwenda, basi. Barua ya ndani hakiioni. Hakiwezi kusema picha hii ipite na ile ibaki. Kinachoweza ni kufunga nyumba nzima, na wanaotangaza hali ya hewa, wanaouza vitenge na wanaomuuliza mbunge maswali wote wanabaki nje. Picha aliyotumiwa binti yako nayo ilipitia WhatsApp, nyumba nyingine kabisa. X ingefungwa hata miaka kumi, picha ingemfikia vilevile.

Kuna jambo linaniudhi zaidi. Mimi natengeneza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Wiki ile ya Mei watu walikuwa wananiletea simu nzima. "Fundi, hii imekufa." Naiwasha, naona kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakuna neno lolote kwenye kioo. Mzee mmoja alikuwa ameshanunua bando mara tatu akidhani limeisha. Hakuna aliyemwambia kwamba amefungiwa, nani kamfungia, kwa sheria ipi, akalalamike dirisha gani. Mlango ukifungwa kwa amri ya mahakama unabandikwa karatasi. Huu haubandikwi kitu, mtu anailaumu simu yake. Sikumtoza, lakini nusu saa ya kazi ilikwenda kwa kumweleza.

Na watoto? Huyo wangu wa tatu alikuwa ameshapakua VPN ya bure, programu ya kukwepa kufuli, kabla sijamaliza chai. Ukiwa na VPN, bahasha inaingizwa ndani ya bahasha nyingine na kichujio hakioni hata jina la nyumba. Nyingi za bure zinaishi kwa matangazo, na baadhi ya matangazo hayo, mama, yanazidi hicho ulichokiona. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wenye VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30. Kijana wa kidato cha pili akajiandikishe wapi?

Kuchuja kwenyewe sikatai. Kwangu nachuja. Kwenye simu ya Android, ingia mipangilio ya mtandao, tafuta palipoandikwa Private DNS, andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Tovuti nyingi za ngono hazitafunguka tena kwenye simu hiyo. Ikikosea ikafunga ukurasa wa somo la baiolojia, unaiondoa mwenyewe jioni ileile bila kumwandikia mtu barua, kwa sababu ufunguo unao wewe. Ule mchujo wa serikali, orodha ya vilivyofungwa hata kuiona huioni. Mimi ninaishi kwa kutengeneza simu na sijawahi kuiona. Na orodha hairudi nyuma: X ilibaki imefungwa, Septemba 2025 leseni ya JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ikasimamishwa siku 90, na siku ya kura, Oktoba 29, intaneti ikakatika nchi nzima. Sisi tulioshangilia Mei, Oktoba tulikuwa gizani na wengine wote.

Dawa hiyo ya DNS haitagusa WhatsApp. Huko nenda Faragha, kisha Vikundi, uchague watu aliowahifadhi tu ndio wamwingize kundini. Zima pia upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Simu ukimnyang'anya, atatumia ya mwenzake.

Ila barua yako imeacha kitu kimoja. Aliyetuma hiyo picha kundini ni mtoto mwenzake, au ni mtu mzima? Kama ni mtu mzima, usiifute. Ondoka na hiyo simu uende polisi, dawati la jinsia na watoto.