Umeshavuka miaka 40 na unataka kutibu kiwewe? Soma hapa kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nina miaka 47, nimefanya kazi benki tangu nimalize chuo. Nataka kuwa mnasihi wa watu waliopitia kiwewe. Au nimeshachelewa?" Kiwewe anachokisema ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kukumbwa na tukio la kutisha. Ujumbe ule niliurudia mara kadhaa, maana swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa bado linaniuma.

Nilikuwa afisa utumishi. Kazi yangu ilikuwa kuajiri, kusuluhisha ugomvi na, mambo yakiharibika, kumkabidhi mtu barua ya kuachishwa kazi. Huko ndiko nilikoanza kuona mambo ambayo hakuna semina iliyonifundisha. Mtu mzima anaitwa ofisini kwa jambo dogo tu la likizo. Mlango ukifungwa nyuma yake, jasho linamtoka, macho yanaganda, hasikii unachomwambia. Wenzangu walisema huyu ana dharau, au ana la kuficha. Mimi nilikuwa nainuka naufungua mlango, na mara nyingi mazungumzo yalianza upya vizuri kabisa.

Nilipoomba nafasi ya kusomea unasihi, mmoja wa walionisaili aliniambia umri wangu ni wa kujiandaa kustaafu, si wa kuanza darasa. Alisema mbele ya wenzake na hakuna aliyemkanya. Chuo kingine kilinipokea. Leo nina leseni yangu, na mwezi huu nimekabidhiwa kusimamia wanasihi wanaoanza. Nalisema kwa fahari, sioni haya. Miaka ya katikati ilikuwa ya insha, mitihani na kukesha. Hiyo kila aliyesoma ukubwani anaijua.

Ninachotaka ukishike ni hiki: kiwewe hakitibiwi kwa kumchokonoa mtu aseme yote. Mwaka 1992 Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliieleza safari ya kupona kwa hatua 3: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kurudi kwenye maisha na watu. Wengi wanaotoka kazi nyingine hukimbilia hatua ya pili kwa sababu tumezoea matokeo ya haraka, na mteja akilia tunadhani kazi imefanyika. Hata mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2011, unaonya kwamba aliyekumbwa na tukio la kutisha asishurutishwe kusimulia yaliyomkuta.

Chumbani kwangu kiti cha mteja kiko karibu na mlango, na hakuna kinachomzibia njia. Saa iko pale anapoiona. Kabla sijafunga mlango namuuliza, "Tuufunge, au tuuache wazi kidogo?" Wapo wanaoshangaa kuulizwa. Mtu ambaye mwenzake aliwahi kumwamulia hata mwili wake, kuulizwa jambo dogo kama hilo ni sehemu ya tiba yenyewe. Akianza kupotea katikati ya maneno, pumzi ikiwa fupi na mikono ikishika kiti kwa nguvu, tunaiacha hadithi. Namwomba aikanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, anitajie anachokiona, anachokisikia. Akirudi, yeye ndiye anayeamua kama tuendelee.

Sasa sikilizeni. Msidanganywe na vyeti vya wikendi. Kwanza uwe mnasihi kamili, anayetambuliwa na bodi ya mahali unapoishi, ndipo uongeze utaalamu wa kiwewe. Tiba ya EMDR, kwa mfano, inayotumia miondoko ya macho kumsaidia mtu aikabili kumbukumbu inayomtesa, na iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, hufundishwa watu ambao tayari wamo kwenye taaluma ya afya ya akili. Kwa hiyo usiache kazi leo. Iulize bodi inatambua shahada gani na inadai saa ngapi za mafunzo kwa vitendo, upange fedha zako kwa kipimo hicho, na utafute msimamizi, yaani mnasihi mzoefu wa kuipitia kazi yako pamoja nawe.

Jambo jingine, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu: kupitia machungu hakukupi sifa ya kuwatibu wengine. Wengi tunaingia taaluma hii ukubwani kwa sababu kuna kitu kilitupata. Nenda kakae wewe kwanza kwenye kiti cha mteja. Usipofanya hivyo, siku mteja atakaposimulia jambo linalofanana na lako, utaanza kujisikiliza mwenyewe, na yeye amekuja kwa ajili yake.

Kisha utafute msimamizi. Narudia kwa makusudi. Tangu mwaka 1990, wanasaikolojia Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walipoandika jinsi masimulizi ya wateja yanavyobadilisha namna mtabibu anavyowaamini watu na anavyouona ulimwengu, hakuna tena kisingizio cha kuibeba kazi hii peke yako. Umri wako utakusaidia kuvumilia ukimya wa mteja. Hautakukinga na hilo. Ukimpata msimamizi, muulize mambo mawili: yeye mwenyewe anasimamiwa na nani, na atafanya nini siku utakayomwambia humudu tena kumsikiliza mteja fulani. Akibabaika, tafuta mwingine.