Walimu wapya wa kinanda, hizo stika zitoeni

Jumamosi iliyopita nimeingia darasani kuchukua kamba zangu nikamkuta mwalimu wetu mpya kapiga magoti mbele ya kinanda, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, anabandika stika. Nyekundu kwenye C, ya machungwa kwenye D, njano kwenye E. Akanigeukia kwa furaha kabisa, "Shikamoo madam, nimepata aidia, watoto watapenda hii!" Nikaitikia marahaba, nikatoka nje, nikakaa chini ya mwarobaini nikacheka peke yangu mpaka muuza kahawa akaniuliza kama niko salama. Maana yule aliyepiga magoti pale ni mimi, miaka kumi na kitu nyuma, tena afadhali yeye ana stika, mimi nilikuwa na rangi ya kucha. Hiyo ntaifikia.

Kwa hiyo wadogo zangu, hasa nyie mlioanza mwaka huu kufundisha hivi vitoto vya miaka mitano mpaka kumi hapa Tanga, nimeona niandike. Nota mnazijua, skeli zenu mnazijua, wengine mnapiga kunizidi na wala sioni aibu kusema. Naongelea hii michezo ya kujitengenezea, ya maboksi na vizibo, sababu kila mwaka makosa ni yale yale yanarudi kama msimu wa maembe.

1. Kinanda cha boksi. Watoto wetu wengi nyumbani hawana kinanda, wana dufu, wana redio, wana mdogo wao analia. Kwa hiyo unawachorea kinanda kwenye boksi wakafanyie mazoezi ya vidole, sawa, lakini chukua rula jamani. Kii (kile kibonyezo cha kinanda) nyeupe moja upana wake ni milimita 23 na nusu hivi, oktavu nzima, yaani kii nyeupe saba toka C mpaka B, inakuja kama sentimita 16 na nusu. Ukikadiria kwa macho vidole vinazoea umbali wa uongo, alafu mtoto akija kwenye kinanda chenyewe anapapasa kama yuko gizani. Na jingine, kati ya E na F hakuna kii nyeusi, kati ya B na C hakuna. Najua mnajua! Lakini mwaka jana mmoja wenu (namstiri, ila chipsi zangu bado namdai) alikesha akachora maboksi 14, kila nyeupe na nyeusi yake, zimepangana kama meno ya chanuo. Asubuhi katoto ka miaka sita kakalitazama lile boksi kakauliza, "Ticha, mbona huku hakuna nyumba?" Si tunawafundisha nyumba ya wawili na nyumba ya watatu, yaani zile kii nyeusi zinavyokaa mbili mbili na tatu tatu, C anakaa mlangoni kushoto kwa nyumba ya wawili, F mlangoni kwa nyumba ya watatu. Sasa kama nyumba hazipo huyo C utamtafutia wapi.

2. Kamba tano za mkonge. Tuko Tanga, mkonge hauna sababu ya kukosekana. Unatandaza kamba tano sakafuni ndo stafu yako, ile mistari mitano ya kuandikia nota, ukisema mstari wa pili mtoto anarukia kamba ya pili toka chini, ukisema nafasi anatua katikati. Nunua kamba nene, nyembamba inabiringika chini ya mguu na mzazi hataki kusikia mwanawe kaanguka kwenye somo la muziki. Ukiwa huna kamba mkono unatosha, vidole vitano mistari mitano, matundu manne nafasi nne, na kutumia mkono si ugunduzi wa mtu wa juzi, watawa wa Ulaya walikuwa wanahesabu sauti kwenye viungo vya vidole tangu zama za kati, ule mkono mpaka leo unaitwa kwa jina la Guido wa Arezzo.

Kwa majina ya mistari mimi natumia "Eti Gari Bovu, Dereva Fundi", hiyo ni klefu (alama ya mwanzo wa stafu) ya sauti za juu, E G B D F. Uzuri wake ukienda klefu ya besi, ya sauti za chini, unaitoa Eti unaongeza mtu nyuma, "Gari Bovu, Dereva Fundi, Abiria", G B D F A, na watoto wanapenda kuongezea wenyewe "wasukume!" Ila baada ya mwezi mmoja ipigeni marufuku hiyo sentensi. Kuna kijana nilimwachia nayo mwaka mzima, kila akiiona D anaanza Eti, Gari, Bovu, midomo inacheza, na nyimbo inamsubiri.

3. Kidole gumba ni namba 1, nyie mliotokea kwenye gitaa acheni kuwaambia watoto kidole cha shahada ndo namba 1.

4. Mapigo kwa majina ya vyakula. Hapa wengi mnachukua mchezo kwenye video za Waingereza mnautafsiri ulivyo, unafia mikononi mwenu alafu mnasema watoto wagumu. Wenzetu maneno ya silabi moja wanayo ya kumwaga, krocheti moja (nota ya pigo moja) neno moja, sisi hata "chai" ukiitamka taratibu ni mbili. Alafu neno letu uzito wake uko silabi ya pili toka mwisho. Sema "samaki" kwa sauti, hapo ulipo. Umesikia uzito umekaa kwenye MA? Sasa ukimwambia mtoto aipige samaki kuanzia pigo la kwanza, ama atasema SAmaki kama mgeni aliyeshuka boti leo, ama ataiweka MA kwenye pigo na ile sa itatangulia mbele, wewe unamwambia kawahi, kumbe yeye ndo yuko sawa. Tumieni wali, pweza, nazi, hizo uzito unatangulia, kwava mbili (nusu pigo kila moja) safi kabisa. Maandazi ni semikwava nne, robo pigo kila moja. Krocheti mimi nasema tu "pa" na minimu, ya mapigo mawili, "paa", basi, pa pa wali pa, darasa zima linacheka na wanakaa kwenye taimu. Samaki iwekeni akiba mpaka siku ya kufundisha nyimbo inayoanza kabla ya pigo la kwanza, siku hiyo itawafaa sana. Mchuzi msiiguse, nimewahi kubishana dakika kumi na mtoto wa darasa la pili kama ni silabi mbili au tatu, na alikuwa sahihi yeye.

Chungwa nalo zuri kwa urefu wa nota, zima semibrevi (mapigo manne), nusu minimu, robo krocheti, ila maelezo yamalizeni kabla ya kushika kisu maana machungwa ya Muheza yakishakatwa hakuna tena anayesikiliza nadharia.

5. Rangi ya kucha.

Haya. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nina watoto tisa na kinanda kimoja cha kii 61, cha mkopo, sijamaliza hata kukilipa. Nikaona watoto wanachelewa kujua majina ya kii, nikasema kwani shida nini, nikaenda dukani nikanunua rangi ya kucha chupa saba. Usiku mzima napaka, kii nyeupe zote 36, C zote nyekundu, D zote machungwa, hivyo hivyo mpaka B. Nikatengeneza na karatasi za nyimbo, hazina nota, zina vidoti vya rangi tu. Wiki mbili watoto wanapiga nyimbo nzima! Wazazi wanarekodi na simu, video zinazunguka kwenye magrupu, nasalimiwa mpaka na wasionijua. Nikavimba. Nilishaanza kuwaza kuongeza ada.

Kulikuwa na binti wa miaka minane, tulikuwa tunamwita Bi Mdogo kwa jinsi anavyotembea kwa mapozi. Huyo ndo alikuwa nyota. Mwisho wa mwaka tukaandaa hafla kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, siutaji, na mwenye ukumbi akatuambia msihangaike kubeba, pale kuna piano ya umeme ya kii 88. Mimi nikashukuru. Kwenda kuijaribu na watoto sikwenda, nilikuwa bize na sare na keki.

Bi Mdogo ndo wa kwanza. Kapanda, kainama vizuri kama tulivyofundishana, kakaa, akaweka mikono magotini. Akatazama zile kii, nyeupe na nyeusi tupu zinang'aa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akanigeukia, na maiki iko wazi, akasema, "Madam, rangi ziko wapi?"

Ukumbi ukacheka, kicheko cha upendo tu, lakini mtoto wa miaka minane atajuaje kicheko kipi ni kipi. Nikamwonyesha kwa mkono, hesabu nyumba. Akahesabu nyumba za wawili toka kushoto, moja, mbili, tatu, akaweka kidole gumba, kama nilivyomfundisha. Na kwenye kinanda cha kii 61, nyumba ya tatu ndo C ya kati, ni kweli. Kwenye 88 kuna kii za ziada huku chini, C ya kati ni ya nne. Kwa hiyo akaanza oktavu nzima chini, inanguruma, na sikio lake likamwambia siyo hii, akasimama. Akajaribu pengine, ikawa siyo. Na mimi mwalimu mzima, Mungu anisamehe, nimechuchumaa pembeni ya jukwaa namnong'oneza "nyekundu! nyekundu!" Nyekundu ipi?

Hakulia. Aliinuka, akainama tena kama tulivyofundishana, akashuka ngazi akaenda kwa mama yake, mgongo umenyooka. Baadaye mama akanifuata kuniuliza kulikoni, na hapa ndo sehemu inayoniuma mpaka leo, sio ile piano. Nilimwambia, "Mama, nadhani hakufanya mazoezi ya kutosha nyumbani." Yule mama akasema sawa mwalimu, akaondoka.

Wiki mbili baadaye nikaenda kwao Ngamiani kupeleka cheti. Nikakaribishwa mezani, Tanga huwezi kuingia kwa mtu ukatoka hivi hivi. Naweka mkono pembeni ya sahani nikaona ukingo wa meza una alama za krayoni. Nyekundu, machungwa, njano, kijani, zinaenda mpaka mwisho wa meza, zimefutikafutika pale vidole vinapogonga sana, nyekundu nyingine karibu haionekani. Mama akaona naangalia, akacheka, "Anagongagonga hapo mpaka wali unapoa, tumemkataza tumechoka." Nilishindwa kumeza. Yule mtoto alifanya mazoezi kuliko wote tisa, alijifunza kila kitu nilichomfundisha, bila kukosa hata kimoja. Nilichomfundisha kilikuwa ni rangi.

Mama nilimwomba radhi pale pale. Mtoto sikumwambia kitu, alikuwa chumbani akakataa kutoka na mimi nikajifariji eti mtu mzima haombi radhi kupitia mlangoni. Hakurudi. Nimewahi kukutana naye Soko la Mgandini, mkubwa sasa, "Shikamoo madam", akapita haraka na kikapu chake.

Niliporudi nyumbani siku ile nikachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha nikaanza kusugua. Asetoni na plastiki! Kii zikaanza kulainika, zikapata ukungu na mikwaruzo, nikaishia C na D tu, nikaacha.

Siku hizi majina naandika kwenye kipande cha boksi kinachosimama nyuma ya kii, hakigusi kii, na kila somo nakata jina moja kwa mkasi mbele yao, naanza na B, C namwacha wa mwisho, wanashangilia kama wanakata keki.

6. Yaliyobaki kwa haraka. Dadu tengenezeni kwa ndala iliyochakaa, haina kelele na haipasuki. Mchezo wa kumtoa anayekosea acheni, anayetoka wa kwanza ndo yule aliyehitaji kucheza zaidi. Pipi zitolewe mwisho, vidole vyenye sukari vinanata kwenye kii na sisimizi hawana adabu. Kabla ya somo angalieni kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha au kushusha sauti zote, waliopiga ibada jana yake huwa wanakiacha juu na hawakumbuki, nimefundisha lisaa limoja C ambayo ni E flati na mtoto wa kwaya ndo akaniambia. Na hao wa kwaya, kwao Do ya do re mi inahama, leo Do ni G kesho Do ni F, kwa hiyo kwenye kinanda tumieni C D E toka siku ya kwanza msiwachanganye. Umeme ukikatika msiwarudishe nyumbani, maboksi na kamba havina Luku.

Na wewe wa Jumamosi, stika zako nimeziona hazijakauka vizuri, zitatoka kwa kucha tu, usitumie dawa yoyote. Kile kinanda changu cha kii 61 bado ninacho, kiko stoo juu ya kabati, kinapiga vizuri tu. Njoo Jumamosi saa tatu kabla watoto hawajafika tukishushe, nataka ufumbe macho uguse C zote sita kwa kidole. Na kamba zangu uje nazo, uliziacha nje zimeloa.