Jibu: Kuweka mtaji kwenye kampuni ndogo ya redio za upepo

Ndugu yangu, umeuliza kama uweke akiba yako kwenye kampuni ndogo ya huko Mwanza inayokodisha redio za upepo, zile za mkononi za kuongelea, kwa walinzi, ilhali mitambo yake bado ni ya analojia, si ya dijitali. Hilo peke yake lisikutishe. Mawimbi yakififia, analojia inakwaruza lakini mlinzi bado anaambulia neno. Dijitali inasikika safi mpaka ukingoni, kisha inakata ghafla. Kwa kazi ya lindo si jambo dogo.

Faida ya dijitali iko kwenye matumizi ya masafa ya mawimbi. Kiwango cha DMR cha redio za dijitali, kilichotolewa na ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, mwaka 2005, kinagawa chaneli moja ya kilohezi 12.5 kwa zamu mbili za muda zinazopokezana haraka sana, hivyo makundi mawili yanaongea kwa wakati mmoja. Wateja wakiongezeka, hapo ndipo pesa ilipo. Na redio nyingi za DMR zinashika analojia pia, kwa hiyo wanaweza kuhama kidogo kidogo.

Mimi ningeanza na leseni ya masafa: iko kwa jina la kampuni? Ada ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, imelipwa? Kisha ningezishika redio zenyewe, nione betri inamaliza zamu ya usiku au inazima saa nane. Mikataba ya wateja uisome mwenyewe, usisimuliwe.