Somo la Lishe Lianzie kwa Mama wa Mihogo

Walimu wenzangu wa darasa la tatu hadi la sita, ile chati ya makundi ya vyakula iacheni ukutani kwanza. Mtoto ataikariri yote, apate vema tupu kwenye mtihani, na kengele ya mapumziko ikilia akanunue andazi na barafu ya rangi kama kawaida. Nyumbani anayeamua chakula ni mama. Getini mtoto anaamua mwenyewe.

Mimi huwapa zoezi la shilingi 500. Kila kikundi kinaorodhesha vinavyouzwa nje ya geti: mihogo, karanga, bagia, ubuyu, maembe, barafu. Kisha wapange: utanunua nini ili saa nane usisinzie darasani? Mabishano hayaishi, na kabla sijatamka neno protini, lazima atokee wa kusema karanga na bagia zinakaa tumboni. Hapo ndipo naigeukia chati.

Soda haihitaji hotuba. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari kama gramu 35, na kijiko cha chai ni gramu 4 hivi. Waacheni wapime wenyewe, vijiko karibu tisa ndani ya glasi. Kelele zake zitafika hadi ofisini kwa mwalimu mkuu.

Jambo nisiloliafiki kabisa ni kuwauliza mbele ya wenzao, "Jana mlikula nini?" Wapo waliolalia uji mtupu, nao watajibu wamekula kuku. Wapeni ujanja usioongeza gharama. Dagaa waliwe na miba na vichwa vyao, kalsiamu iko huko. Mchicha au maharage yakamuliwe ndimu, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mimea. Chai isubiri kwanza, kwani inapunguza ufyonzaji huo. Kwa wasichana wanaokaribia kuvunja ungo, hili nalirudia hadi wanazomea.

Bustani? Pandeni mchicha, huvunwa ndani ya mwezi mmoja. Mpapai ukizaa, waliouotesha wameshahama darasa.

Na mama wa getini msimfukuze. Mwombeni aongeze ndizi mbivu. Wengine hukubali upesi, kwa kuwa hazili mafuta wala mkaa. Ila ndoo ya maji, sabuni na kifuniko juu ya beseni, hapo sibembelezi.