Muulize muuzaji kwanza: asilimia 98 ya nini?

Kocha, unauliza utajuaje kama kamera za kufuatilia wachezaji zinasema kweli, maana muuzaji anakuahidi usahihi wa asilimia 98. Kumwona mchezaji ni kazi moja, kujua ni nani ni nyingine, kupima kasi yake ni nyingine kabisa. Akupe takwimu ya kila moja.

Pima mita 30 kwa futi kamba, weka koni, mchezaji akimbie, kisha linganisha umbali huo na ule unaotolewa na kamera. Halafu akate kona kali na kusimama ghafla. Mbio za kunyooka hata mfumo dhaifu huzimudu. FIFA nayo hupima mifumo hii kwa kuilinganisha na kamera maalumu za kunasa mwendo.

Ila mimi ningehangaika zaidi na mipira ya kona. Wachezaji wakirundikana golini, jezi zimefanana, namba zimezibwa, programu huwachanganya: namba 6 anatoka pale na kilomita za namba 8. Rekodi kona kadhaa, rudisha video polepole, hesabu mara ngapi imewabadilisha. Jaribu mchana wa jua kali na usiku kwa taa, kwenye uwanja wenu, si kwa video alizochagua yeye. Akikataa majaribio hayo, usilipe.