Wasomaji Wauliza: Kiingereza cha Kila Siku

Swali: Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Mgeni aliomba gari "at two", nikamwandikia dereva saa mbili. Dereva katokea saa mbili usiku, mgeni alishaondoka zamani na teksi nyingine, amenuna. Nifanyeje lisijirudie?
*Dada wa mapokezi, Nungwi*

Jibu: Pole dada. Neno ulilielewa, saa ndiyo hukuigeuza. Sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha na kunapokuchwa, wao wanaanza saa sita usiku na saa sita mchana. Tofauti ni saa sita basi. Kuanzia saa moja hadi saa sita, jumlisha sita. Kuanzia saa saba hadi kumi na mbili, toa sita. Kwa hiyo saa nne asubuhi ni "ten a.m." na saa nane mchana ni "two p.m." Kama kuna saa ya mishale ukutani, hesabu huna haja nayo: itaje namba ile ile ambayo mshale mfupi umeielekea.

Dakika hazibadiliki. Saa nane na robo ni "quarter past two", saa nane na nusu ni "half past two", saa nane kasorobo ni "quarter to two". Saa sita mchana iite "noon" na saa sita usiku "midnight", maana "twelve p.m." huwachanganya hata wenye lugha yao.

Kuna mtego mwingine, nao ni siku. Ndege ya saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu kwa mgeni ni "Monday, two a.m." Ukimwandikia dereva "Jumatatu usiku", atafika ndege ikiwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Mrudishie mgeni swali, "Two o'clock in the afternoon?", kisha andika kwenye daftari vyote viwili, 14:00 na saa 8 mchana, umwonyeshe kabla hujapiga simu kwa dereva.

Swali: Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anakata kila ninapoandika "I hear cold" na "I have hungry". Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Jibu: Unachukua kitenzi cha Kiswahili kizima kizima na kukivalisha Kiingereza. "Nina" yetu ina kazi nyingi, kwao zimegawanywa. Hali ya mwili na umri huchukua "am": I am hungry, I am thirsty, I am sleepy, I am twenty. Ugonjwa huchukua "have": I have a fever, I have a cough, I have a headache. Ukiwa zahanati uwe mwangalifu hapa: "I am cold" ni nasikia baridi, "I have a cold" ni nina mafua. Dawa nayo hainywewi, hata ikiwa ya maji, ni "take". Na ukiwa na Mwingereza, "I've been sick" ataelewa kwamba umetapika, kwa hiyo kama uliumwa tu sema "I've been ill".

Ndugu yake "nina" ni "kupiga", na huyu ndiye mkorofi zaidi. Karibu kila kupiga kwetu kuna kitenzi chake kwao. Simu ni "call", na hakitaki "to" baada yake: call me, call my brother. Picha ni "take a picture". Mswaki ni "brush your teeth", yaani wao wanataja meno, mswaki hautajwi. Pasi ni "iron", deki ni "mop", hodi ni "knock", chafya ni "sneeze", miayo ni "yawn", kura ni "vote". "Beat" ibakize kwa ngoma na kwa timu iliyofungwa. Andika haya yote kama vifungu vizima. Ukijifunza "piga" peke yake na "simu" peke yake, utarudi pale pale.

Swali: Nauza vinyago. Mzungu akisema "fifteen" nasikia "fifty", nami nikitaja yeye anasikia kinyume. Tunapoteza muda na wakati mwingine hela.
*Mfanyabiashara, Mwenge*

Jibu: Masikio yetu yamezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana "fifteen" na "fifty" tunayatamka yote kwa kubana mwanzo. Likisimama peke yake, "fifteen" hubanwa mwisho na kuvutwa. "Fifty" hubanwa mwanzo, mwisho wake mfupi. Ila usiutegemee mkazo peke yake, kwa kuwa kwenye "fifteen thousand" mara nyingi nao hurudi mbele. Kinachobaki ni ile "n". Itamke mpaka isikike. Ukiwa na shaka taja tarakimu moja moja, "fifteen, one five", au bonyeza kwenye kikokotoo na umpe aangalie. Kwa bei ya 15,000 na 50,000 hiyo si aibu hata kidogo.

Swali: Nianze na maneno mangapi?
*Msomaji, Tabora*

Jibu: Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha aliyoiita Basic English yenye maneno 850, na vitenzi humo ni 18 tu, vikiwemo get, put, take, give, go na make. Kusoma gazeti hayakutoshi, ila kuulizia njia, kununua na kujieleza yanakufikisha. Mzigo umehamia kwenye vile vijineno vinavyofuata: "put on" ni vaa, "take off" ni vua, "get up" ni amka, "go out" ni toka. Shika matano kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yako mwenyewe. Kurasa za kushoto andika Kiswahili, za kulia Kiingereza, funika kulia ujijaribu kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Orodha ya maneno mia kwa siku moja ni ya kujidanganya.

Swali: Mwanangu anasema "my mother, he is cooking" na "Amina and his husband".
*Mama, Likoni*

Jibu: "Yeye" yetu haichagui mume wala mke. Na "-ake" inafuata kitu, kitabu chake, nyumba yake, ilhali kwao huangaliwa mwenye kitu: Amina ni mwanamke, basi "her husband" hata kama mume ni mwanaume. Mpe picha ya familia, aseme sentensi tano za mtu mmoja kabla hajahamia kwa mwingine.

Swali: "Borrow me your pen" ni sawa?
*Kijana, Kisumu*

Jibu: La. Anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Sema "Lend me your pen, please" au "Can I borrow your pen?" Hili la pili ni la adabu zaidi.